Fundi aliyepima pampu kwa sikio, na 300,000 zangu

Naanza na salamu, maana ndiko mambo yalikoanzia kuharibika. Kijana fundi niliyemwita alishuka kwenye gari pale kwenye shimo langu la kifusi, nje kidogo ya Mingoyo. Akampa mkono opereta wangu, akampa mkono tandiboi, mie akanipita kama kisiki. Umri wake ni wa kitinda mimba wangu. Shikamoo haikutoka. Nikajisemea huenda kachoka, katoka Mtwara na jua hili. Nikampelekea maji. Akapokea, akanywa, akamgeukia opereta: "Mwenye mali yuko wapi?"

Mwenye mali ndiye aliyekuletea maji, baba.

Eskaveta yangu, sie huku twaiita kijiko, ni ya mtumba. Nimeinunua kwa hela ya korosho na mkopo ambao bado naulipa. Ugonjwa wake wala haukuwa wa kificho. Asubuhi kinakula kilima. Ikifika saa 5, ndoo ikijaa, mkono unapanda kwa kusuasua, kuzunguka kunakuwa kwa kubembeleza, na kikipandishwa mteremko kinabaki pale pale. Geji ya joto nyekundu. Tunazima, tunakaa chini ya mkorosho saa nzima, tunawasha, kinafanya kazi nusu saa, tunarudi mkoroshoni. Malori yamepanga foleni, na dereva wa lori anayengoja kifusi midomo yake mnaijua.

Opereta wangu alishaona jambo moja kabla ya fundi yeyote: mlio wa injini haushuki. Ingekuwa filta ya dizeli imeziba, au injini imechoka, ndoo ikishika udongo ungesikia injini inakoroma na kuzama. Hii inaimba vilevile, mkono ndio hauna nguvu. Kwa hiyo shida iko upande wa haidroliki, yaani yale mafuta yanayosukumwa na pampu kuinua mkono. Nikamweleza yule kijana hivyo hivyo. Jibu lake: "Mama, huu ni mtambo, siyo sufuria. Nipe namba ya mzee niongee naye."

Mzee mwenyewe tulishamzika. Ningempa namba gani?

Akamwambia opereta akanyanyue mkono wa mtambo mpaka mwisho na aushikilie hapo. Akainamisha sikio karibu na pampu, kama daktari wa kwenye maigizo. Dakika tano hazikufika. "Pampu imekufa." Milioni 14, iliyokarabatiwa, na ya kuja kwake ni 300,000, taslimu. Akaandika kwenye karatasi, chini kabisa akaongeza "na oil pia ibadilishwe". Hakufungua mlango hata mmoja wa ubavuni. Geji ya presha sikuiona, labda ilibaki Mtwara.

Nimpe haki yake. Pampu iliyolika inafanya hivyo hivyo. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanavuja kwa ndani badala ya kwenda kusukuma silinda, na yale yanayovuja bure yanazaa joto jingine. Ndiyo maana nguvu ipo asubuhi, mchana hakuna. Kuishuku pampu sikumlaumu. Lakini pampu si ya kusikilizwa kama redio! Inafungwa geji, inasomwa presha mafuta yakiwa ya moto. Halafu unafungua ule mpira mwembamba unaorudisha mafuta kutoka kwenye kasha la pampu kwenda kwenye tenki, unayakinga kwenye ndoo huku unaangalia saa. Yakija mengi kupita kiasi, pampu imeliwa. Mambo haya sikuzaliwa nayo. Nimeyajua kwa mzee mmoja fundi mstaafu wa Lindi mjini aliyekuja juma lililofuata kwa bodaboda, mkoba mapajani.

Nilimpa shikamoo. "Marahaba mwanangu, hebu mwambie kijana anifungulie hapa." Injini ikiwa inaunguruma, akachukua kipande cha gazeti, akakiweka kwenye wavu wa rejeta. Feni ikivuta vizuri gazeti linanata pale. Likaanguka. Akaokota, akaweka tena, juu zaidi. Likaanguka.

Ikazimwa, tukachungulia. Rejeta ya maji na ile ya kupoza mafuta zimekaa zimepeana mgongo, na katikati yake palikuwa na godoro. Sufi! Juu ya shimo letu kuna misufi, na msimu ule inapasuka, upepo unaleta pamba zake zote, feni inazivuta, vumbi jekundu na mafuta mafuta yanazigandisha. Tulichomoa kwa mikono, tukajaza nusu ya mfuko wa saruji.

Iliyobaki ilitaka upepo wa kompresa, na upepo wenyewe upigwe kutokea upande wa injini kwenda nje, kinyume na feni inavyovuta, tena kwa mbali ili zile pezi nyembamba zisilale. Mzee akauliza: "Kompresa mnayo?" Opereta akaangalia chini. Kompresa ninayo. Ipo kwa fundi pancha wa njia panda, nimemkodisha miezi mingi sasa, ananipa vijisenti kila Ijumaa. Kabla ya hapo tandiboi alikuwa anapuliza rejeta kila wiki.

Basi hapo hasira ikanipungua kidogo, siwezi kusema uongo.

Rejeta zilipokwisha kusafishwa, mzee akafunga geji, akakinga ndoo, akapima. Presha nzuri, pampu imechakaa kwa umri tu. Kipimajoto chake cha kuelekeza kilisoma nyuzi 74 kwenye mpira wa mafuta mchana ule, baada ya saa mbili za kuchimba. Alisema zikivuka 80 na ushee ndipo sili zinapoanza kukauka na kupasuka. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi, yananuka kuungua, ikabidi tuyabadilishe yote. Yaani ile ya chini ya karatasi ilikuwa kweli.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilitaka kutoa moja. Kwa ajili ya mafuta naongeza ya pili, na nikikumbuka kompresa yangu nakaribia kuweka ya tatu. Halafu nakumbuka sufuria. Moja.

Juzi kanitumia ujumbe: "Bosi wangu shikamoo, ile pampu nimeipata Dar, tuma nusu niichukue." Sijamjibu. Naandika haya nimekaa chini ya mkorosho ule ule, saa 8 mchana, na kijiko kinachimba.