TAHADHARI: Huyu kijana wa mota za boti hapa Dallas, msimpe hata senti

Wenzangu wa Dallas na Fort Worth, hasa ninyi mnaovua Lake Fork na Ray Roberts, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna kijana anauza mota za umeme za mbele ya boti. Anaongea Kiswahili kitamu, anaamkia watu kwa heshima, na ni mwizi. Nimeandika mwizi na sifuti.

Mota yangu ya zamani ilikufa, hayo tuyaache. Nilihitaji nyingine kabla ya Machi, besi (samaki tunaowavua, bass) wanapopanda kwenye maji mafupi kutaga. Na Lake Fork bila mota ya mbele ni kupoteza petroli tu. Walipofunga lile bwawa mwaka 1980 waliacha misitu imesimama humo humo, kwa hiyo sehemu nzuri zote ni magogo. Ukiingia na injini kubwa unafukuza samaki, ukitupa nanga inanasa. Unataka kitu cha kukushikilia kimya kimya mita chache kutoka kwenye gogo huku upepo wa Texas ukikusukuma. Ndiyo maana nilikuwa nalenga Minn Kota Ultrex, ile yenye Spot-Lock: unabonyeza mara moja, GPS inashika ulipo na mota inajirekebisha yenyewe. Dukani ikiwa mpya ilikuwa zaidi ya dola elfu mbili. Mke wangu, Mama Brayo, alishasema mwaka huu hakuna pesa ya boti.

Basi nikaona tangazo. Ultrex, volti 24, msukumo wa pauni 80, shafti ya inchi 45, dola 1,400. Nikaandika kwa Kiingereza. Akaona jina langu, jibu likaja: "Mkenya? Shikamoo kaka! Mimi mtoto wa Mombasa."

Najua kuna wale wataandika hapa chini, "Ulimwamini kwa sababu ya shikamoo?" Hapana. Someni kwanza.

Alinipigia simu mwenyewe, na badala ya kuanza na bei alianza kuniuliza maswali. Boti ina futi ngapi? Ikijaa mafuta, vifaa na watu wawili inafika uzito gani? Una betri ngapi? Kutoka pale mota inapofungwa kwenye omo, mbele ya boti, mpaka kwenye maji ni inchi ngapi? Nikamwambia nimekuwa nikifikiria ile ya pauni 112. Akacheka. "Kaka, usijiingize gharama. Ile ni volti 36, inataka betri tatu. Wewe una mbili na chaja ya betri mbili. Utanunua betri, utanunua chaja, utavuta waya upya." Halafu akanipigia hesabu: pauni mbili za msukumo kwa kila pauni mia za uzito wa boti iliyojaa. Yangu ni kama pauni 3,000, kwa hiyo 60 inatosha, 80 inakupa nafasi ya upepo. Shafti nayo: pima mpaka kwenye maji, ongeza kama inchi 20, propela izame vizuri isitoke nje mawimbi yakija. Yangu ni inchi 22, kwa hiyo 45 inakaa sawa.

Nilikwenda kuhakikisha kila neno. Yote ni kweli! Duka lolote lingekwambia hivyo hivyo. Na mtu aliyekuwa na nia ya kula pesa yangu si angenisukuma kwenye kitu cha bei ya juu? Huyu alinishusha. Alinizuia nisitumie pesa. Niambieni, nani kati yenu asingemwamini mtu wa namna hiyo?

Tukakutana jioni kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, pembeni ya barabara ya I-30. Alikuja na pikapu, mota imelala nyuma juu ya zulia, imefungwa taulo kwenye kichwa kama mtoto mchanga. Akashuka, akanipa mkono kwa mikono miwili. Akauliza habari za Naivasha, kama samaki bado wako ziwani. Nikamweleza kuwa hawa hawa besi tunaowavua huku ndio waliopelekwa Naivasha na wazungu mwishoni mwa miaka ya 1920, naye akashangaa kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Tukacheka. Hapo ndipo nilipolegea, na ninavyokumbuka kile kicheko chake mpaka leo nasikia joto masikioni.

Alikuwa na betri mbili zimeunganishwa tayari. Akaishikilia mota ikaning'inia nje ya mlango wa nyuma wa pikapu, akaniambia, "Kanyaga pedali, kaka." Nikakanyaga. Propela ikazunguka vizuri, sauti laini, haina mkwaruzo. Nikapindisha pedali kushoto, kichwa kikageuka. Kulia, kikageuka. Akanionyesha taa ya GPS, kweli ikawaka. Nikasema ngoja niipeleke kasi ya mwisho. Akaniwekea mkono begani, pole pole, akasema, "Usiikimbize sana nje ya maji, kaka, sili, ule mpira wa kuzuia maji, inategemea maji kupoa. Utaiharibu kabla hujafika nayo nyumbani."

Sasa sikilizeni ujanja ulipo, maana hapa ndipo nilipopigwa. Kuikimbiza mota muda mrefu hewani ni kweli si vizuri. Lakini sekunde chache hazina neno, na hata ungeiendesha hewani kwa kasi ya mwisho usingeona kitu. Propela ikiwa hewani haina mzigo, mota inanyonya ampea chache tu. Ikiwa majini, mota ya pauni 80 kwa volti 24 inafika ampea 56. Mota iliyooza ndani inaweza kuzunguka hewani ikaimba. Ugonjwa wake unatoka maji yanapoishika propela.

Nilipendekeza twende kwenye rampu ya kushushia boti, haiko mbali. Akaangalia saa. Yuko zamu ya usiku kwenye ghala, akichelewa mara nyingine wanamfuta. Nani atamkatalia mtu wa zamu ya usiku? Sote tumeanzia huko. Nikamwambia dola 1,200, akasema 1,250 na pedali juu. Nikatuma kwa Zelle, ile ya kutuma pesa benki kwa benki kwa simu, hapo hapo. Jina lililotokea halikuwa lake. "La mke wangu, mimi akaunti yangu bado ina mambo." Akanisaidia kupakia, akanifungia kwa kamba, akasema tutavua pamoja Machi ikifika. Aliniita kaka mpaka anawasha gari.

Jumamosi tukaenda Fork na jirani yangu. Tukashuka rampu ya upande wa Yantis, upepo wa kusini umeanza. Nikateremsha mota, kasi ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Nikaongeza kidogo ili tuingie kwenye magogo, breka ya ampea 60, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena. Mara ya mwisho ikaja na harufu, ile ya waya unaoungua, mafundi mnaijua. Upepo ukatubeba ubavu mpaka kwenye miti. Rangi ya boti upande wa kulia mtaiona wenyewe mkija. Jirani hakusema kitu, alikuwa anavuta matawi kwa mkono, na huo ukimya wake ulinichoma kuliko kama angenicheka.

Fundi aliifungua sehemu ya chini, maji ya kutu yakamwagika mezani. Nyuma ya propela kulikuwa na uzi wa kuvulia umejizungusha mpaka ukaikata sili, na maji yameingia humo kwa muda mrefu. Kaboni zinazopitisha umeme zimekwama, amecha (koili inayozunguka ndani) nyeusi tii. Akaniuliza siriali namba ili atafute vipuri. Haipo. Pale kibandiko kinapokaa kumekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Fundi akaniangalia vile mtu anamwangalia mtu. Yaani ikabidi mimi ndiye nijieleze!

Nikamwandikia kijana. Jibu: "Kaka utakuwa umeunganisha betri vibaya, mimi nilikupa kitu kizima." Nikatuma picha ya kutu. "Pole sana kaka, hayo ni maji ya Fork." Nikamwambia naenda polisi. Akani-block kila mahali. Benki yangu ikasema nilituma mwenyewe kwa hiari yangu, na pesa ikishafika hairudishwi.

Jamani, mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia mambo ya kusameheana kwa sababu ni wa kwetu. Ni wa kwetu ndiyo maana anatufuata sisi! Mmarekani angemwomba twende majini, na asingeona haya kumwambia zamu yako hainihusu. Sheria ya Texas inasema kumchukulia mtu mali kwa kumdanganya ni wizi, na wizi wa kuanzia dola 750 mpaka chini ya 2,500 ni mpaka mwaka mmoja katika jela ya kaunti na faini mpaka dola 4,000. Mwaka mmoja hautoshi lakini naupokea. Na huyo "mke" mwenye akaunti aende naye. Na kama kuna mtu anayemficha, anakula naye, anaswali naye au anasali naye, ajue jina lake litatoka. Kuna mtu amenipigia simu eti nisichafue jina la Wapwani. Mpwani gani? Sijui hata kama ni wa Mombasa. Nilipomuuliza mtaa alisema "kule kule tu town," nami nikapita.

Kuna walioniuliza dalili za mota ya kuikimbia, ni hizi. Waya wa umeme wa ile mota ulikuwa umekatwa kwa kisu, haukufunguliwa, amefunika mwisho kwa selotepu nyeusi na kubana klipu. Mota iliyotolewa kwenye boti na mwenyewe haikatwi waya. Rangi ya chini ilikuwa mpya kabisa na kichwa kimezeeka. Siriali namba nimeshasema. Haina kitabu, haina risiti. Chomoa propela, ni pini na nati moja, angalia kama kuna uzi nyuma. Na kama mota haijagusa maji, pesa isitoke, hata akiwa na zamu ya kwenda kumzika mamake.

Tangazo jipya liko hewani tangu juzi, jina lingine, safari hii ni ya pauni 112 na zulia ni lile lile. Nimeshapeleka taarifa IC3 ya FBI, wanaopokea malalamiko ya utapeli wa mtandaoni, na kwa sherifu wa kaunti. Mahakama ya JP (Justice of the Peace, ya madai madogo) inapokea madai mpaka dola 20,000, kwa hiyo kama alikupiga na wewe, nitumie inbox tarehe, kiasi, na jina lililotokea kwenye Zelle. Wawili wameshanitafuta. Mmoja aliuziwa Terrova, mota nyingine ya Minn Kota, na jina la "mke" ni lingine.