Ekzosi ya kiwandani au kizibo cha sauti?

Wenye pikipiki kubwa hapa Dar huniuliza: nikitaka kukimbiza pikipiki kwenye uwanja wa mbio bila kurudishwa getini kwa kelele, nifanyeje? Viwanja vingi vya Uingereza huweka kikomo cha desibeli 105, pikipiki ikiwa imesimama na injini imepandishwa mizunguko. Kipimo hushikwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45. Nakitumia kama dira.

Njia ya kwanza ni kurudisha ekzosi iliyokuja na pikipiki. Ni nzito, basi. Inapita bila wasiwasi, mradi haijatoboka kwa kutu, na chumvi ya Kigamboni haina huruma na chuma.

Njia ya pili ni kubaki na ekzosi ya michezo, ukaichomekea kizibo, yaani kijibomba chembamba cha kupunguza sauti kinachoingia mdomoni mwake. Kinabana njia ya moshi, kwa hiyo nguvu za juu hupungua kidogo. Hapa wengi hukosea: wanadhani kizibo kinatosha. Ndani ya bomba kuna sufi inayomeza sauti, nayo huungua taratibu hadi bomba linabaki tupu na kelele inarudi. Fundi mzuri wa Gerezani ataling'oa, aweke sufi mpya inayohimili moto, afunge. Bolti ya kizibo nayo ifungwe kwa waya, maana mtikisiko huilegeza. Desibeli 3 tu zikiongezeka, nguvu ya sauti imeshakuwa maradufu.

Mimi ningechagua ya kiwandani. Majirani wa Sinza wanahitaji kulala.