Gari dogo la mtumba: kinachoharibika na kinachokula hela

Gari langu ni dogo, milango mitano, injini ya silinda nne ya cc 1,300, giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua kwa hatua), na nililichukua likiwa limeshavuka kilomita 100,000. Kampuni siitaji, maana mengi ya haya utayakuta kwenye magari ya ukubwa huu ya karibu kila kampuni. Kwenye mafuta sina la kulalamika. Injini yenyewe ni ngumu na spea zinapatikana bila kuhangaika. Hela inaishia kwenye mipira ya chini, umeme wa plagi, na hofu ya giaboksi.

Bei za spea hupishana mno kati ya soko na soko, kwa hiyo gharama nitazipima kwa tairi, yaani bei ya tairi moja jipya la gari hili hili. Ukijua tairi kwako ni bei gani, utapata picha.

Nianze na chini. Mbele kulikuwa na ko-ko-ko kwenye barabara mbovu, mwendo mdogo, halafu kimya kabisa ukikanyaga lami nzuri. Gereji ya kwanza wakasema shokapu za mbele zimekufa, zibadilishwe zote mbili. Hayo ni matairi matatu hivi ukijumlisha na ufundi. Nikakataa, kwa sababu shokapu zilikuwa kavu, hazina hata tone la oili, na ukikandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia, linapanda mara moja na kutulia. Shokapu iliyokufa inaliacha gari linanesanesa. Fundi mwingine akalinyanyua, akashika stabilaiza link, kile kifimbo chembamba chenye joint ndogo huku na huku, akakitikisa kwa vidole viwili. Kikacheza. Kimpira cha juu kilikuwa kimechanika, maji na vumbi vimeingia, na grisi imekuwa uji mkavu wa kahawia. Jozi ya link haikufika nusu tairi, na kelele ikaisha siku hiyo hiyo.

Bushi za wishboni, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, nazo huchoka kwa umri huu. Dalili yake ni gari kuyumba kidogo ukifunga breki na tairi kulika upande wa ndani. Bushi peke yake ni rahisi, ila kuna wishboni ambazo huuzwa nzima tu, na hapo bei inapanda hadi tairi moja au zaidi kwa upande. Baada ya kugusa huko, alaimenti (kunyoosha magurudumu) ni lazima, la sivyo utakuwa unanunua matairi ya kulisha barabara. Beringi ya gurudumu ni tairi moja na ufundi: kuna mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na ukipinda kushoto ukaongezeka, mara nyingi ni ya kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko.

Sehemu iliyonifunza zaidi kuhusu hili gari ni plagi na koili, kile kifaa kinachoipa kila plagi umeme wake. Siku moja lilianza kutetemeka, likapoteza nguvu mlimani, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Taa ikiwaka tu unaweza kwenda taratibu hadi kwa fundi. Ikiwa inakonyeza namna ile, punguza mguu na usimame mapema, kwa kuwa petroli isiyoungua inakimbilia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuichoma, na katalisti mpya ni bei ya matairi mengi. Mashine ya kupima makosa ikasoma P0303, maana yake silinda ya tatu haichomi vizuri. Hapo ndipo wengi huuziwa koili zote nne na plagi zote nne kwa mpigo. Fundi wangu alifanya jambo dogo: akahamisha koili ya silinda ya tatu kuiweka ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya tatu, akafuta kosa, tukawasha. Kosa likarudi kama P0301. Tatizo limeifuata koili, basi mwenye kosa ni koili. Lingebaki kwenye silinda ya tatu, tungeigeukia plagi, kisha nozeli ya kupulizia petroli.

Lakini ile koili ilipotolewa, mguu wake ulikuwa umelowa oili. Gasketi ya kava la juu la injini, pamoja na siili za mashimo ya plagi, zilikuwa zimekauka, na oili ilikuwa inashuka taratibu kwenye shimo la plagi. Ukiweka koili mpya bila kugusa gasketi, nayo itakufa. Koili moja ilikuwa kama nusu tairi, gasketi robo. Plagi za iridiamu hudumu hadi karibu kilomita 100,000, na zangu zilikuwa zimefika, hivyo hizo nilibadilisha zote. Tairi moja limekwenda hapo.

Sasa CVT. Inataka oili yake maalumu ya CVT, na anayekuambia ATF ya kawaida (oili ya giaboksi nyingine za otomatiki) inafaa, mfungie boneti uondoke. Kwa matumizi ya foleni na joto, kumwaga kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni busara hata kama kitabu cha gari kiko kimya. Kumwaga ni tairi moja na nusu. Giaboksi ya mtumba ikiwa mbovu na ukatafuta nyingine, ni matairi kumi kwenda juu, na wakati mwingine inaizidi injini kwa bei. Kwa hiyo kabla ya kununua gari kama hili, liendeshe likiwa baridi na tena likishapata moto. Likiondoka kwa mguu mwepesi kati ya 20 na 40 km/h halafu likawa linashtukashtuka, au mizunguko ya injini ikapanda na gari lisifuate, liache hapo hapo hata kama rangi inang'aa.

Usichanganye hilo na mauntini za injini, vile vishikizi vya mpira vinavyoibeba. Ukisimama kwenye D umekanyaga breki, usukani ukatetemeka, na ukiweka N ukatulia, kuna uwezekano mkubwa ni mauntini. Moja ni kama tairi moja. Kuna watu wametajiwa giaboksi kwa kosa hilo la mauntini.

Kuchemsha halijawahi kunichemshia, ila nililikuta na maji matupu kwenye rejeta, yenye rangi ya kutu. Nikasafisha, nikaweka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), nikabadilisha thamostati (vali ya kudhibiti joto) na kifuniko cha rejeta kwa bei isiyofika nusu tairi.

Kilichobaki sasa ni kiyoyozi, ambacho kompresa yake inalia kidogo ikishika, na hilo nimelisogeza mbele makusudi. Kwa mtu wa mjini, peke yake au na familia ndogo, gari hili ningelinunua tena. Kwa anayebeba watu watano na mizigo kila siku kwenye milima, atafute lenye injini kubwa: CVT ndogo ikibebeshwa hivyo hupata joto kali, na oili yake ikishaungua, mkanda wa ndani huanza kuteleza.