Nimekatisha tanzanite Arusha, maoni yangu kuhusu fundi

Kwa wanaouliza inbox wapi wakate mawe yao, sitaji jina la karakana maana ni chumba kimoja tu cha mtu binafsi na hajaniomba nimtangaze, ila ntawaambia alivofanya kazi ili mjue cha kudai kokote mtakakoenda.

Jiwe langu lilikuwa ghafi, gramu 3.1 yani karati 15 na nusu, nimenunua kwa dealer mwenye leseni na risiti ninayo (tafadhali msinunue za mfukoni bila risiti kule Mirerani machimboni, mtakuja kulia). Nilianza kwa fundi mwingine, yeye anachaji kwa karati ya jiwe likishakamilika, akaniahidi litatoka kubwa tu. Huyu wa pili kalimwagia maji, akaligeuza geuza dirishani mwanga ukipita, akaniuliza, "Dada, unataka rangi au unataka uzito?" Kumbe tanzanite ukiitazama upande huu ni bluu, ukiigeuza ni zambarau, na mara nyingi ghafi imekaa vibaya, ukitaka ile bluu ndo itazame juu lazima utupe jiwe jingi. Sasa fikiria fundi anayelipwa kwa karati atakushauri nini hapo 😂 Huyu anachaji kwa jiwe zima, litoke dogo litoke kubwa hela ni ileile, kwahiyo hana sababu ya kukubembeleza ubaki na uzito. Kwangu hiyo ndo sababu kubwa ya kumpa nyota nne.

Nikasema rangi. Akasaga kwanza kutoa nyufa na kulipa umbo la oval, ndo likaenda kuchomwa, joto la kama nyuzi 600 hivi, maana lilikuwa na ukahawia. Nyufa zinatolewa kwanza kwasababu likichomwa nazo ndani linaweza kupasuka. Likarudi bluu hadi nikacheka mwenyewe. Halafu analigandisha kwa nta kwenye kijiti, analiinamisha kwenye sahani inayozunguka yenye unga wa almasi, anasaga uso mmoja, anainua, anafuta kwa kidole gumba, anaangalia kwa lenzi, anarudisha tena. Hagongi kitu kabisa karibu na jiwe, tanzanite ina upande mmoja ukiupata vibaya inachanika kama kuni.

Limetoka karati 4.2. Najua kuna watu wameshika kichwa, lakini hata ile almasi ya pinki ya Mwadui aliyozawadiwa Princess Elizabeth 1947 ilikuwa karati 54.5 na ilivokatwa London ikabaki 23.6, na hao walikuwa mafundi wa London.

Kabla hujalipa fanya hivi, weka jiwe juu ya gazeti uso juu. Ukiweza kusoma maandishi kupitia katikati ujue tumbo, yani sehemu ya chini ya jiwe, limekatwa fupi, mwanga unatoboa chini badala ya kurudi machoni, na hilo ndo jiwe linaloonekana limefifia hata rangi ikiwa nzuri. Langu sikusoma hata herufi. Liangalie nje juani na pia chini ya taa ya njano, kwenye taa linavuta zambarau zaidi, hiyo ni kawaida siyo kwamba umebadilishiwa.

Nyota moja nimekata kwasababu ya mawasiliano. Simu hapokei, "njoo kesho" zilikuwa nyingi mno na uzito wa kuingia hakuandika popote mpaka nilipomwambia tupime wote wawili na aandike kwenye karatasi tusaini. Kaandika bila kinyongo, na vipande vilivyobaki kanirudishia kwenye kikaratasi bila kuombwa, ila mteja mpya asingejua kudai. Mizani anayo, kalamu anayo, sijui shida nini.

Almasi hakati, msimpelekee, anasema hana mashine zake. Pete pia hatengenezi, hilo ntaandika siku nyingine maana sonara naye ana kesi yake.