Uzoefu wangu: binti wa miaka miwili na nusu kuanza chekechea Mwanza baada ya kuhama kutoka Kisumu

Tulihamia Mwanza mwezi Januari, mume wangu alipopata kazi katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara, na ingawa tulivuka mpaka mmoja tu pale Sirari tukabaki kando ya ziwa lilelile, kwa binti yetu huku kulikuwa ughaibuni kabisa. Kisumu alilelewa na bibi yake, ambaye humsemesha Kijaluo tangu alfajiri hadi anapolala. Hapa alijikuta hana bibi, hana binamu, na kila anayeinama kumsalimu anamsalimu kwa Kiswahili.

Kituo tulichokichagua kipo upande wa Ilemela, nami sitakitaja jina kwa sababu si yote nitakayoyasema ni ya kukisifia. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwezi pamoja na uji wa saa nne na chakula cha mchana, na watoto huchukuliwa kabla ya saa kumi jioni. Cheti cha usajili kimetundikwa ofisini; namshauri kila mzazi akiulizie hicho kwanza, ada baadaye. Kijitabu changu cha kliniki cha Kenya kiliwatatiza kidogo, lakini muuguzi wa zahanati alinakili chanjo zote kwenye kadi ya hapa na jambo likaisha.

Lawama yangu kubwa ni ya siku ya kwanza. Mlezi alimpokea mtoto, akamkabidhi mdoli, kisha akaninong'oneza, "Mama, ondoka kimyakimya asikuone." Nilitii, nikidhani mwenye kazi yake ndiye ajuaye. Jioni nilimkuta ameketi karibu na lango, viatu amevishika mkononi, sauti imemkauka. Wiki mbili zilizofuata hakuniacha hata niende msalani peke yangu, na usiku alikuwa akiamka na kupapasa kitanda ahakikishe kwamba nipo. Hatimaye nilimwomba mwalimu mkuu aniruhusu nimuage mtoto waziwazi, hata kama atalia, na kumwambia nitarudi baada ya jambo analolijua mwenyewe, kwa maana saa kumi haina maana yoyote kwa mtoto wa umri huo. "Mkishaamka na kunywa maji, mama anakuja." Alilia siku nne. Siku ya tano alinipungia mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kikombe cha uji, na nikiri kwamba aliyelia asubuhi hiyo ni mimi.

Lililonifanya nisimhamishe lilitokea jikoni. Walezi walikuwa wakinilalamikia kwamba anaomba choo kila mara na akipelekwa hakojoi, anaangua kilio tu. Nami nyumbani nilikuwa nikishangaa anavyogugumia vikombe viwili mfululizo mara tu anapovuka kizingiti. Kumbe alikuwa akisema "pi", yaani maji kwa Kijaluo, na walezi, ambao huwafundisha watoto Kiingereza kidogo, walisikia neno la Kiingereza la mkojo. Aliyewatoa gizani ni mama mpishi, mzaliwa wa Rorya, wilaya ya Wajaluo mkoani Mara, ambaye alipita na sufuria, akasikia, akacheka hadi akaitua chini. Nilipofika jioni aliniita, "Nyar Kisumu," yaani binti wa Kisumu, "mwanao ana kiu, hana mkojo!" Kesho yake mwalimu mkuu alinipa karatasi niandike maneno yote anayoyatumia mtoto: pi, chiemo kwa chakula, nindo kwa usingizi, dani kwa bibi. Karatasi ile imebandikwa kwenye mlango wa jiko mpaka leo, na mlezi aliyenifukuza kimyakimya ndiye anayeisoma kuliko wote.

Chakula hakijatusumbua. Makande aliyapokea bila swali, kwani ni nyoyo ya bibi yake, mahindi na maharage yaleyale, iliyobadilishwa jina, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ameyapenda kiasi kwamba kila Ijumaa ninapofua sare nakuta kipande kigumu mfukoni. Herufi hawawafundishi watoto wa umri wake, wala hawampi kazi ya nyumbani, nami naliona hilo kuwa jema.

Kinachonikera bado ni jiwe lililopo uani. Mwanza huwezi kupata uwanja usio na jiwe, lakini hili linamzidi mtu mzima kwa urefu, na upande mmoja limelainika kwa makalio ya watoto wanaoteleza juu yake kutwa, huku chini yake hapana hata mchanga. Binti yangu hulipanda ili aone ziwa juu ya ukuta, kisha huita "Nam!", yaani ziwa kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo sasa wenzake wote huiitikia. Niliomba liwekewe uzio, au angalau wamwage lori moja la mchanga, nikaambiwa wataliangalia. Muhula wa pili nimeshaulipia. Kuhusu mchanga, bado nasubiri jibu.