Makumbusho ya ndege za jeshi Dayton, Ohio: bure kabisa ila vaa viatu vya maana

Jamani kama unapita barabara kuu ya I-70 Ohio na familia hii sehemu usiiruke. Sisi tulikuwa tunarudi Columbus kutoka Chicago, watoto wamechoka, krispi zimemwagika siti nzima, mke wangu anataka tu kufika nyumbani alale, mimi ndo nikang'ang'ania tuchepuke Dayton mara moja maana Babu wa watoto, yaani baba mkwe, amekuja kututembelea toka Bukoba na safari nzima tumemwonyesha maghorofa tu. Hiyo mara moja ikawa mpaka wanafunga.

Panaitwa National Museum of the United States Air Force, ni kwenye kambi ya Wright-Patterson. Kiingilio hakuna, paking hulipi. Kuna makumbusho nyingine huko tulikotoka nililipia familia nzima hela ambayo sitaki hata kuitaja tukamaliza kuona kila kitu fastafasta, hapa kuna ndege na makombora zaidi ya 350 na hawachukui hata senti.

Ushauri wangu: anzieni jengo la 4 mrudi nyuma. Wengi wanaanza la 1 kwa ndugu Wright (watoto wa hapohapo Dayton, walikuwa mafundi baiskeli kabla ya kuunda ndege), wanasoma kila kibao, wakifika la 4 miguu imeshakufa na huko ndo kuna ndege za marais ambazo unapanda unaingia mpaka ndani. Ile ya Rais Kennedy, SAM 26000, ndo iliyompeleka Dallas Novemba 22, 1963, siku aliyouawa, ikarudi na mwili wake, na makamu wake Johnson aliapishwa kuwa rais humohumo kabla haijapaa. Kule nyuma unaona sehemu waliyotoa viti ili jeneza likae. Korido ni nyembamba na wameziba kwa plastiki ngumu pande zote, mwenye mwili kama wangu unapita ubavuubavu na watu wanakusubiri nyuma. Babu akawaambia wajukuu kwamba Julai ya mwaka huohuo Mwalimu alikuwa Ikulu ya Marekani na Kennedy, yule mdogo akauliza kwahiyo Nyerere alipanda hii ndege, Babu akasema hiyo sijui lakini mkono walipeana.

Sasa jengo la 2 ndo lilituweka. Kuna MiG-21, ndege ya kivita ya Kirusi, wameiweka kwenye habari za vita vya Vietnam. Babu kuiona tu akasema "hizi si ndo za Amin!" Oktoba 1978 ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba na yeye alikuwepo, basi akaanza kuwaelezea watoto walivyokimbilia migombani, mikono yote hewani, sauti juu, mke wangu anamwambia baba punguza sauti na wapi. Akasogea mzee mmoja mmarekani mwenye kofia ya waliopigana Vietnam, akaniuliza anasema nini, nikawa natafsiri, mwisho mimi sikuhitajika tena, wazee wawili wanaigizana mlio wa MiG ikishuka, huyu anasema ni hivi yule anasema hapana ni hivi. Watoto wamerekodi, tumeituma grupu la familia watu wamecheka siku nzima.

La 3 tulipita haraka, makombora marefu mno shingo inauma. La 1 kuna Bockscar, ile ndege ya mabomu ya B-29 iliyoangusha bomu la atomiki Nagasaki, Japani, Agosti 9, 1945. Inang'aa kama sufuria mpya, pembeni kuna mfano wa lile bomu lenyewe, nene, la njano. Watu wanapanga foleni ya selfi pale. Mimi sikupiga, kila mtu na roho yake.

Mambo ya kujua: mwanga wa ndani ni hafifu makusudi kwahiyo picha shika simu isitikisike. Wazee waombeeni kiti cha magurudumu pale mlangoni mapema, msisubiri mpaka achoke, ni bure pia. Mlangoni wanakagua mikoba, visu vya matunda acheni kwenye gari. Saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni kila siku, isipokuwa Thanksgiving, Krismasi na mwaka mpya. Ukifika saa 8 mchana kama sisi huimalizi, labda ukimbie.