Mombasa hadi Nairobi kwa ndege, na kilo nane za samaki

Tovuti niliyoitumia kupima masafa iliniambia kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilometa 440 kwa mstari ulionyooka, na kwamba ndege ikienda kilometa 800 kwa saa itachukua dakika 33. Mie nikaamini. Nilikuwa na kilo nane za samaki, changu na vipande vya nguru, niliowanunua Mji wa Kale na kuwalaza kwenye friza usiku mmoja. Nilikuwa nampelekea dada yangu anayekaa Westlands. Anamwoza mwanawe, na samaki wa kununua huko bara hataki hata kuwasikia.

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri nikatoka Kisauni na sanduku langu la barafu. Daraja la Nyali halikuwa na mtu, Makupa, Kibarani, Changamwe, mara nimefika uwanjani. Hapo kwenye kaunta ya mizigo ndipo mambo yalipoanza.

“Mama, barafu haipandi. Itavuja.”

“Mwanangu, hawa ni samaki.”

“Imwage tu mama, watu wanangoja.”

Nikatoka nje, nikaimwagia maua. Samaki nikawazungushia magazeti, shuka mbili juu yake, wakalifunga sanduku kwa tepu raundi nne. Shirika lenyewe silitaji, lakini wakati wa kukata tiketi niliwauliza kwa simu kuhusu samaki, nikaambiwa hakuna shida. Barafu hawakuigusia.

Tena ndege ya saa moja na nusu ikaondoka karibu saa tatu. Nilikuwa nimekaa pale na soda yangu, nahesabu samaki wanavyolainika.

Angani sina la kulalamika. Tangu magurudumu yaache lami ya Mombasa hadi yaguse ya Embakasi, saa yangu ilihesabu dakika 44. Zile 33 za tovuti ni hesabu ya kugawa tu, kana kwamba ndege inaanza na kasi yote mlangoni mwako. Hii inapanda kutoka usawa wa bahari, ikishatulia kidogo tu inaanza kushuka, na uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya meta 1,600 juu. Hata hizo 440 ni mji kwa mji, maana uwanja kwa uwanja ni kama 420.

Ukipata kiti, kaa kushoto. Kilimanjaro ilijitokeza juu ya mawingu, theluji yake kidogo, na abiria mzima wa kiti cha kulia akaniinamia begani apige picha.

Sanduku lilitoka saa nne na dakika kumi. Dereva akauliza, “Tupande juu au tubaki chini?” Juu ni ile barabara ya kulipia. Nikamwambia juu, mwanangu, nina samaki. Saa tano na dakika tano tukawa mlangoni kwa dada. Friza hadi friza, jumla ni muda wa saa sita na dakika ishirini.

Dada akafungua, akabonyeza kwa kidole gumba. Nguru mgumu kama jiwe. Changu wa juu wamelainika, hao wakaingia kwenye ukwaju siku ileile.

Nampa rubani nyota tano, kaunta mbili. Safari ijayo samaki watalala kwenye friza siku tatu, na barafu nitaiacha nyumbani.